Kopo la maziwa si godoro: barua ya wazi kwa kamati za maafa kabla ya masika

Kwa: Wenyeviti wa Kamati za Usimamizi wa Maafa za Mikoa na Wilaya
Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri
Waganga Wakuu wa Halmashauri

YAH: ULISHAJI WA WATOTO WACHANGA NA WADOGO KATIKA KAMBI ZA WAATHIRIKA WA MAFURIKO

Waheshimiwa,

Tope na mawe viliposhuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh tarehe 3 Desemba 2023, na maji ya Mto Rufiji yalipofunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti Aprili 2024, Watanzania walichangia bila kuombwa mara mbili. Magodoro, unga, sukari, blanketi, sabuni. Tunawashukuru wote. Lakini kila wito wa misaada unapotolewa, hawakosekani watu wema wanaowaza watoto wachanga na kununua maziwa ya kopo, chupa za kunyonyea na nyonyo. Mzigo huo hushushwa pamoja na mengine, hupangwa pamoja na mengine, na hugawiwa kwa foleni ileile.

Ombi letu ni hili: kopo la maziwa ya mtoto lisigawiwe kama godoro. Lishughulikiwe kama dawa. Litolewe kwa mtoto aliyepimwa na kuandikwa jina, likiwa na vifaa vyake vyote, kwa muda wote atakaolihitaji, na asipewe mtoto mwingine. Mengine yote tunayoyaandika hapa ni maelezo ya kwa nini, na namna ya kulitekeleza.

Tuanze na hesabu. Chukueni mtoto wa mwezi mmoja mwenye kilo 4. Kwa siku anahitaji takriban mililita 150 za maziwa kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mililita 600. Sawa na mililita 75 mara nane, usiku na mchana. Kopo la gramu 400 hutoa karibu lita 3 za maziwa yaliyokorogwa. Hizo ni siku tano. Mama aliyekabidhiwa makopo mawili mbele ya wageni amepewa chakula cha siku kumi. Tangu kuzaliwa hadi miezi 6, mtoto asiyenyonya kabisa hutumia takriban kilo 20 za maziwa ya unga, ambazo ni makopo 50 ya ukubwa huo. Ni mfadhili gani aliyewahi kuleta makopo 50 kwa mtoto mmoja?

Sasa tazameni kinachotokea ndani ya siku hizo kumi. Titi hutengeneza maziwa kadiri linavyonyonywa. Kila kikombe cha maziwa ya kopo anachokunywa mtoto ni zamu moja ya kunyonya iliyorukwa. Maziwa yasiyotoka hubaki, titi hujaa na kuuma, na ule ujazo wenyewe ndio unaouambia mwili upunguze. Wiki moja tu ya kurukwa hivyo inatosha mama kuhisi matiti yake yamelegea. Siku ya kumi na moja kopo limeisha. Mtoto analia, mama anajiminya na kuona matone machache, na bibi aliyekaa pembeni anasema maziwa yamekauka kwa hofu ya mafuriko. Kopo lilipokaribia kuisha mama alikuwa ameshaanza kubania, kijiko kimoja cha maziwa badala ya viwili; sasa ni uji wa sembe mwepesi kama maji. Mtoto huyo alifika kambini akiwa na chakula chake. Makopo mawili ndiyo yaliyomnyang'anya.

Hilo ni upande wa njaa tu. Upo upande wa vijidudu.

Maziwa ya unga ya watoto si safi kwa asilimia mia hata kopo likiwa halijafunguliwa. Yanaweza kuwa na vijidudu, wakiwemo Cronobacter, wanaosababisha homa ya uti wa mgongo kwa watoto wachanga. Ndiyo maana maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ni kukoroga kwa maji yasiyopungua nyuzijoto 70. Chemsha lita moja, epua, na usiache ipoe zaidi ya dakika 30 kabla ya kukoroga. Kisha poza kikombe ndani ya maji baridi, mpe mtoto, na kilichobaki baada ya saa mbili mwaga. Fanya hivyo mara nane kwa siku. Kwenye darasa la shule iliyogeuzwa kambi, lenye familia kumi, kuni zimelowa, sufuria ni moja na ndiyo ya ugali, hakuna mama anayeweza. Atakoroga asubuhi, ajaze chupa, aifunge kwenye khanga, na kuitumia mpaka jioni. Kwa joto la Ikwiriri au Utete, kufikia mchana chupa hiyo ni shamba la bakteria. Nayo chupa ina kona nyingi: nyuzi za kifuniko na ncha ya nyonyo hubakiza mabaki ambayo hayatoki bila brashi, sabuni na kuchemshwa. Kwa hiyo hata pale maziwa ya kopo yanapolazimika, chupa zisitolewe. Kikombe cha kawaida kisicho na mdomo mrefu kinatosha, hata kwa mtoto wa siku moja. Mtoto akalishwe wima kidogo, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yafike ukingoni, naye ayalambe mwenyewe. Asimiminiwe.

Tumeulizwa mara nyingi: si kuna vidonge vya kutibu maji? Vipo, na vigawiwe kwa kila familia. Lakini klorini haiui Cryptosporidium, kijidudu cha kuharisha kinachopenda maji ya mafuriko, na haiui kilichomo ndani ya unga wenyewe. Maji ya kukorogea maziwa ya mtoto lazima yachemke.

Wenzetu wameshayalipia masomo haya. Mapema mwaka 2006 mvua kubwa zilinyesha Botswana, nchi ambayo wakati huo ilikuwa ikitoa maziwa ya kopo bure kwa watoto wa kina mama wenye VVU, na ambako watoto wengi wachanga walikuwa hawanyonyi. Maji yalichafuka. Wagonjwa wa kuharisha wakaongezeka mara 3, vifo vya watoto mara 25. Kati ya watoto 153 waliolazwa na kufuatiliwa kwa karibu, 33 walifariki. Kati ya hao 33, aliyekuwa akinyonya alikuwa mmoja tu. Wengi wa waliofariki walikuwa wamepewa maziwa ya kopo pungufu ya mahitaji yao. Mwezi Mei mwaka huohuo, baada ya tetemeko la Yogyakarta nchini Indonesia, maziwa ya msaada yaligawiwa ovyo. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba walikuta watoto waliopewa maziwa hayo wakiharisha kwa asilimia 25.4 katika wiki moja, na wasiopewa asilimia 11.5.

Sisi tuna mahali pazuri pa kuanzia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi 6 nchini wananyonya maziwa ya mama pekee. Maana yake wengi wa wanaobebwa mgongoni kuvuka maji wanakuja na chakula kilicho salama, chenye joto lake na kinga yake. Kazi ya kwanza ya kamati ni kutokiharibu.

Hili la maziwa "kukauka kwa hofu" linahitaji kusemwa wazi, kwa sababu hata watumishi wetu hulirudia. Hofu na msiba vinaweza kuchelewesha maziwa kutoka kwa muda. Havizuii titi kuyatengeneza, wala haviyaharibu. Tiba yake ni mama kukaa mahali tulivu, mtoto awekwe kifuani ngozi kwa ngozi, mgongo wa mama usuguliwe taratibu, na mtoto aendelee kunyonya. Mama mwembamba naye ananyonyesha. Chakula apewe yeye, siyo kopo apewe mtoto. Mwili wake unahitaji takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, yaani mlo mmoja mdogo wa ziada wenye maharage au dagaa, na lita moja zaidi ya maji ya kunywa. Na asisimame kwenye foleni. Foleni inayochukua muda wa saa nne juani ni zamu mbili za kunyonya zilizopotea, tena kila siku. Wekeni dirisha la pembeni kwa wajawazito na wanaonyonyesha, na tangazeni kwamba lipo.

Siku ya kwanza, orodha ya kuandikisha wanaoingia kambini iwe na safu nne za ziada: tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto wa chini ya miaka 2; ananyonya, ndiyo au hapana; anapata chochote kingine, ndiyo au hapana; yuko na mama yake, ndiyo au hapana. Mtoto asiandikwe tu "mtoto". Wa miezi 3 na wa miezi 13 hawali kitu kimoja. Kwa kiwango chetu cha uzazi, kila watu 1,000 tarajieni watoto 15 hadi 18 wa chini ya miezi 6, na kati ya 60 na 70 walio chini ya miaka 2. Orodha yenu ikionyesha wachache sana kuliko hapo, kuna mahali hawajaandikwa. Mtumeni mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite darasa kwa darasa, aangalie hasa waliojifungua ndani ya wiki mbili.

Kambi zetu nyingi ni shule. Tengeni darasa moja, toeni madawati, tandikeni mikeka, wekeni pazia mlangoni, ndoo ya maji yenye koki, sabuni, na mwanamke mmoja anayejua kumweka mtoto vizuri kwenye titi. Lisiwe karibu na vyoo. Wanaume wasilale humo usiku. Darasa hilo lifunguliwe siku ya pili, lisisubiri hema za wafadhili, na shule ikifunguliwa lihamishwe kabla ya wanafunzi kuingia, siyo siku hiyohiyo.

Wapo watoto ambao kweli hawana titi: mama amefariki, amelazwa mbali, hajulikani alipo, au mtoto alikuwa hanyonyi tangu kabla ya mafuriko. Ni wachache, na ndio wanaotufanya tuwe wakali kwa wengine, maana kopo likitawanywa kwa wote wao ndio watakaolikosa. Kwao kuna ngazi tatu.

Ya kwanza ni mwanamke mwingine kumnyonyesha. Shangazi, mama mdogo au jirani anayenyonyesha mara nyingi yupo darasa lilelile. Apimwe VVU kwa hiari yake kwanza. Na katika maeneo yenye Waislamu wengi kama Rufiji na Kibiti, msilifanye jambo hili kimyakimya: kunyonya kunaleta undugu, na watoto walionyonya kwa mama mmoja hawataoana. Mwiteni shekhe au imamu, familia zote mbili zikubaliane, na majina yaandikwe kwenye daftari ambalo nakala yake wanabaki nayo. Likifanywa hivyo familia hukubali kwa moyo mweupe. Likifichwa, linakuja kuwa tatizo miaka ishirini baadaye, siku ya posa.

Ya pili ni kurudisha maziwa yaliyokoma. Mama aliyeacha wiki mbili zilizopita, au bibi kijana mwenye nia, anaweza. Mtoto awekwe kwenye titi mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku pia. Ili asikate tamaa ya kunyonya titi tupu, anapewa maziwa papo hapo: mpira mwembamba wa kulishia kupitia puani, wa namba 8 au mdogo zaidi, ncha moja imebandikwa kando ya chuchu, ncha nyingine ndani ya kikombe. Kikombe kikishushwa chini ya titi maziwa huenda polepole, kikiinuliwa huenda haraka. Kosa la kawaida ni kukiinua mno: mtoto anashiba bila kunyonya kwa nguvu, na titi halipati ujumbe. Matone ya kwanza kwa kawaida huonekana ndani ya wiki moja au mbili. Maziwa ya ziada yapunguzwe kidogo kidogo, kama mililita 50 kwa siku, kila baada ya siku chache, mradi mtoto anaongeza angalau gramu 125 kwa wiki na anakojoa mara sita au zaidi kwa siku.

Ya tatu ndiyo kopo. Hapo Afisa Lishe ndiye anayetoa, siyo ghala la kamati. Mlezi apewe makopo ya wiki moja au mbili, sufuria yake peke yake, kikombe chenye alama za mililita, sabuni, maji na mkaa wa kuchemshia, na aonyeshwe kukoroga mbele ya mtumishi mpaka aweze mwenyewe. Kijiko cha kopo moja kisipimie kopo lingine, havilingani. Maelezo yawe kwa Kiswahili, tarehe ya mwisho iwe mbele kwa miezi 6 au zaidi. Mtoto apimwe uzito kila wiki. Na fedha ya kumfikisha angalau miezi 6 iwe imeshatengwa siku anapopewa kopo la kwanza. Akihama kambi, jina lake na kopo lake vimfuate. Maziwa ya unga ya kawaida na yale mazito yenye sukari ya kutilia chai si mbadala kwa mtoto wa umri huu.

Kuhusu mama mwenye VVU. Kambi isimpe kopo kwa sababu ya hali yake. Anayetumia dawa za kufubaza virusi bila kukatiza ananyonyesha maziwa pekee miezi 6, kisha anaendelea pamoja na vyakula vingine. Hatari yake kambini ni dawa kusombwa na maji. Ndani ya siku mbili za kwanza mtumishi wa kliniki awe kambini na dawa za mama na za mtoto, bila kudai kadi iliyokwenda na mto. Tena fikirini: ikiwa wenye VVU pekee ndio wanaobeba makopo, kopo limekuwa tangazo la siri yao.

Kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 tatizo ni jingine kabisa, na hapa chakula cha msaada kweli kinahitajika. Jiko la kambi hupika wali, maharage na ugali wa watu wazima mara mbili kwa siku. Tumbo la mtoto wa miezi 8 ni dogo. Anahitaji kula mara mbili au tatu, nusu kikombe cha mililita 250 kila mara, akiendelea kunyonya. Akitimiza mwaka, mara tatu au nne, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, na kitu kidogo katikati. Kwa hiyo jiko la uji lijitegemee, liwake asubuhi, saa sita na alasiri. Uji uwe mzito wa kubaki kwenye kijiko unapokiinamisha. Ule unaomiminika kama chai ni maji yenye rangi. Kila bakuli litiwe kijiko cha chai cha mafuta, na dagaa waliosagwa au maharage yaliyopondwa. Ukiwa mzito mno kumezeka, kijiko cha unga wa kimea ndani ya uji ungali moto huulainisha bila kuongeza maji. Uchemke tena kidogo. Unga ulioimarishwa kwa virutubisho maalumu kwa umri huu, kama upo, ni gramu 200 kwa mtoto kwa siku.

Unga wa lishe wa mtaani tunauogopa katika nyakati hizi, na tunaomba mtuelewe. Mahindi na karanga vilivyolowa hupata kuvu haraka, na kuvu huacha sumukuvu ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumukuvu mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 wakafariki. Mahindi yaliyookolewa kwenye maghala yaliyozama yasisagwe kwa ajili ya uji wa watoto, hata yakikaushwa juani yakapendeza. Wala hakuna haja ya kuchanganya nafaka sita. Nafaka moja kavu, vikombe vitatu, kwa kikombe kimoja cha kunde inatosha. Soya ichemshwe au ikaangwe kwanza, maana mbichi humzuia mtoto kutumia protini.

Mtoto akiharisha, titi lisikatizwe. Apewe ORS, yaani maji ya chumvichumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, na zinki miligramu 10 kwa siku kwa wa chini ya miezi 6, miligramu 20 kwa wakubwa zaidi, siku 10 hadi 14. Vidonge hivyo viwe kambini, siyo kwenye bohari ya wilaya.

Sasa upande wa mapokezi. Mnayo mamlaka. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imewapa uratibu wa misaada ngazi zote hadi kijiji. Kanuni za mwaka 2013 za kudhibiti uuzaji wa vyakula vya watoto wachanga na wadogo zimekwishazuia makampuni kutumia zawadi za bidhaa hizi kujitangaza, na maafa si mlango wa nyuma. Mwongozo wa kimataifa wa ulishaji wa watoto wakati wa dharura, toleo la 2017, unasema vivyo hivyo: misaada ya maziwa ya kopo, chupa na nyonyo isiombwe wala isipokelewe, kinachohitajika kinunuliwe, kwa idadi ya watoto waliopimwa.

Tangazo liandaliwe sasa, kabla ya mvua, likae kwa Afisa Habari. Linaweza kusomwa hivi redioni: "Ndugu wananchi, tunapokea fedha, sabuni, khanga, sufuria, ndoo zenye koki, mkaa, maharage, dagaa na mafuta ya kula. Tafadhali msilete maziwa ya kopo ya watoto, chupa za kunyonyea wala nyonyo. Watoto wasio na mama wanahudumiwa na Afisa Lishe." Mzigo ukifika licha ya tangazo, upokeeni kwa heshima, utengwe chumba chake, uhesabiwe, na ufunguo uwe kwa Afisa Lishe. Usigawiwe ili kumridhisha aliyeleta. Na tunaomba viongozi wasipigwe picha wakimkabidhi mama kopo. Picha hiyo ikisambaa kwenye simu, kesho yake yanakuja malori mawili.

Masika huanza Machi. Kabla ya hapo, kila kamati ya wilaya iandike mambo manne kwenye muhtasari wa kikao chake: jina la Afisa Lishe aliye mjumbe na namba yake ya simu; shule zitakazokuwa kambi, na darasa la kina mama katika kila shule; mahali pa kununua maziwa ya kopo ya watoto kumi wa kwanza, na kifungu cha fedha kitakacholipia; na jina la atakayesimama kwenye mapokezi ya mizigo kukataa makopo. Tuko tayari kuja kufundisha wahudumu wa kata, siku moja kwa kila tarafa, kwa ratiba mtakayopanga ninyi.

Wenu katika kazi,
Maafisa lishe, wauguzi na wakunga